Kizimkazi au Pujini? Watoto tuwapeleke wapi wakaone mambo ya kabla ya mkoloni

Grupu la wazazi limewaka wiki ya pili sasa. Mwalimu wa historia wa watoto wetu wa kidato cha pili kasema safari ya skuli mwaka huu isiwe ya kwenda pwani kucheza mpira na kula biriani basi, wapelekwe pahala wakaione kwa macho ile mada wanayoisoma, jamii za Afrika kabla ya ukoloni. Hapo ndo pakaharibika. Wazazi wa mjini wanataka Kizimkazi, kule kusini ya Unguja, asubuhi wanakwenda jioni washarudi. Wenye asili ya Pemba wanasema kama ni historia twendeni Pemba, huko Unguja mna nini nyie zaidi ya mahoteli. Mie baba wa Mwera, Unguja, mama wa Chake Chake, Pemba, kwa hivo nataniwa na pande zote mbili tokea mdogo, nikaona bora niandike kwa urefu watu wasome wachague wenyewe, maana sehemu karibu zote ntakazozitaja nishafika.

Kabla sijaanza, Mji Mkongwe nautoa. Najua ndo karibu lakin angalia tarehe. Beit al-Ajaib, lile kasri la mjini, ni ya 1883, kajenga Sayyid Barghash. Hata ukitoka nje ya mji, hamamu za Kidichi ni za 1850. Ngome Kongwe ndo kikongwe wao na hiyo nayo Waomani waliijenga baada ya kumtoa Mreno 1698. Sasa kama Waomani nao wahesabiwe wakoloni au wasihesabiwe hilo siligusi, kuna barza hapa mjini mtu ataacha kahawa yake ipoe kwa suala hilo tu. Ninachosema, miaka 700 na ushei kabla ya Beit al-Ajaib watu wa visiwa hivi walikuwa na miji yao, misikiti ya mawe, wanapiga sarafu zao wenyewe, na hayo huyaoni mjini, yapo shamba.

Na watoto hawajui! Daftari la binti yangu limejaa Buganda, Ghana, Zimbabwe Mkuu, na hija ya Mansa Musa wa Mali ya 1324 kaipigia na mstari kwa peni nyekundu. Nikamuuliza haya Kizimkazi unaijua? Akanambia "si kule kwenye pomboo baba".

Basi tuanze huko huko kwenye pomboo. Msikiti upo Kizimkazi Dimbani, na ukiuona kwa nje utasema tumepotea njia, paa la mabati, kuta nyeupe, kama msikiti wowote wa shamba, na watu wanausalia mpaka leo. Siri ipo ndani kwenye kibla. Kuna maandishi ya Kufi, khati ya Kiarabu ya zamani, yamechongwa kwenye jiwe la tumbawe, herufi zimesukwa zimepindana mpaka mtu anayesoma Qur'an kila siku anasimama anatoa macho hawezi kuunganisha neno, na ndani yake mna tarehe, mwezi wa Dhulkaada mwaka 500 Hijria, yaani 1107 kwa miladi. Jengo lenyewe sehemu kubwa lilijengwa upya karne ya 18, na kwenye kibla hapo hapo kuna maandishi mengine ya wakati huo, kwa hivo unasimama pahala pamoja unaona watu wawili waliopishana miaka zaidi ya 600 wameandika ukutani. Mchongo wenyewe unafanana na wa Siraf, bandari ya Uajemi. Nilimwambia binti yangu piga hesabu, toa 1107 kwenye 1324. Akapata 217. Nikamwambia basi wakati Mansa Musa anakwenda Makka na dhahabu zake, kibla cha Kizimkazi kilikuwa kishakaa hapo umri wa babu wa babu yake.

Ubaya wa Kizimkazi ni kwamba ni jiwe moja. Kibla, maandishi, makaburi kidogo nje, imekwisha. Dakika 20. Kisha ni msikiti, kwa hivo mje mmejistiri, muombe ruhusa, msiende wakati wa sala, na watoto 40 hawaingii kwa pamoja bila ya zogo. Atakayewapokea atawapa na ile hadithi ya mfalme Kizi na mwashi wake Kazi na mkono uliokatwa, watoto wataikumbuka hiyo wasahau tarehe, nyie jueni tu.

Sasa upande wa pili, Pujini. Kilomita kama 10 kutoka Chake, kusini mashariki. Hapa hakuna maandishi hata harufi moja lakin kuna mtu, na mtu mwenyewe ndo Mkama Ndume, mtawala wa pale zamani. Kila Mpemba katishwa kwa jina hilo utotoni. Wanaojua kukama ng'ombe hawahitaji tafsiri, huyu anakama madume, anawakamua wanaume. Wanasema alikuwa akiwabebesha watu mawe ya kujengea huku wanajikokota kwa makalio, hasimami mtu. Kweli au si kweli, boma lipo, wanaakiolojia wanalitia karne ya 15, tuta kubwa la udongo na mawe limezunguka, upande mmoja kuna njia ya maji iliyokuwa ikileta vyombo karibu na ngome. Na hili ni jambo la kipekee kwa mwambao wetu, miji mingi ya Waswahili wakati ule haikuzungushiwa boma la namna hii, kwa hivo unajiuliza jamaa alikuwa anamuogopa nani, Mreno alikuwa hajafika bado au ndo anafika.

Lakin kitu kinachowashika watoto pale ni kisima. Mkama Ndume alikuwa na wake wawili hawaonani, basi kisima kikatiwa ukuta, mmoja anateremka ngazi anateka, mwengine anatumbukiza ndoo kwa kamba upande wake, wanateka maji mamoja na hawakutani. Nilimpeleka mtoto wa dada yangu akiwa na miaka tisa, akakaa pale juu ya ukingo anachungulia anauliza je kama wote wamekuja saa moja, je wakisikiana sauti, je maji yakimchafukia mmoja. Maswali hayo hakuyauliza Kizimkazi. Kuna na chumba cha chini ya ardhi, siku niliyokwenda nilikuta kijisahani na jivu la ubani, kuna watu bado wana shughuli zao pale, mkifika na watoto msiguse kitu.

Kwa hivo Kizimkazi unapata ushahidi, Pujini unapata utawala. Kizimkazi mwalimu anaweza kusema hii hapa tarehe someni. Pujini atasema hebu fikirini, mtu mmoja anawezaje kuwaamuru mamia wabebe mawe, anawalisha nini, nguvu kazipata wapi, na hilo ndo suala lenyewe la mada yao. Mie kwa watoto wa umri ule naipa Pujini. Kwa mtu mzima anayetaka kuhakikisha kwamba sisi ni wa zamani, Kizimkazi.

Sasa kuna jozi nyengine ambayo wengi hawaitaji kwa sababu ukifika huoni kitu, nayo kwangu mie ndo nzito kuliko zote. Unguja Ukuu na Mtambwe Mkuu.

Unguja Ukuu ipo kusini, njia hiyo hiyo ya kwendea Kizimkazi, na jina lenyewe linakwambia, Unguja ile kubwa, ya mwanzo. Watu walikuwa hapo tokea karne ya 6 au ya 7. Ukienda leo ni minazi, mihogo, watu wanaendelea na yao. Lakin teremka ufukweni maji yakiwa yamekupwa tembea kidogo ukiangalia chini. Kigae. Kengine. Kengine. Vya vyungu vya kienyeji vilivyochorwa mistari na pembe tatu shingoni, na ukibahatika kipande cha rangi ya samawati ya kijani kinachong'ara, hicho kimetoka Ghuba ya Uajemi kwenye mitungi iliyoletwa na pepo za kaskazi. Waliochimba walipata na kaure za China, shanga za kioo, mpaka mifupa ya panya weusi waliopanda vyombo Asia wakashuka hapa bila ya nauli. Nilishika kigae kimoja kwenye ukingo kuna alama ya kidole cha mfinyanzi, dole gumba langu likakaa mle mle. Nikakirudisha. Watoto waambieni mapema, vya kuangalia na kuviacha, kila mmoja akiondoka na kimoja baada ya skuli kumi hakuna Unguja Ukuu.

Na angalia sana vile vyungu. Vya kienyeji ndo vingi, vya nje vichache, na vya kienyeji vinafanana na vya watu wa bara wakati ule. Ile habari tuliyosomeshwa sie zamani kwamba walikuja Washirazi wakakuta pori wakajenga miji, inakuwa ngumu kuisimamisha pale ufukweni. Wageni walikuja, hilo halina ubishi, na utafiti wa DNA uliotoka 2023 kwa mifupa ya makaburi ya kale ya mwambao ulikuta damu ya Kiafrika, hasa kwa upande wa akina mama, na damu ya Uajemi, hasa kwa upande wa akina baba, mchanganyiko ulioanza kiasi cha mwaka 1000. Kwa hivo babu anayesema sie Washirazi hasemi uongo na anayesema sie Waafrika hasemi uongo, ila bibi alikuwepo kabla babu hajashuka chomboni. Na lugha tunayogombania kwenye grupu ni ya bibi.

Mtambwe Mkuu yapo ng'ambo ya ghuba ya Wete. Hapa 1984 ilipatikana hazina ya sarafu, vijisarafu vya fedha zaidi ya 2,000, pamoja na dinari chache za dhahabu za Wafatimi wa Misri. Dhahabu ndo watu wanaipigia kelele lakin mie nazipenda zile za fedha, ndogo nyembamba kama ukucha, maana zile ndo za kwetu, zimepigwa na watawala wa huku huku, karne ya 11. Upande mmoja jina la mtawala, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu, na pande mbili zinaingiana kwa vina! Yaani hela yenyewe ni ubeti. Watu wa namna hiyo unawaambia nini kuhusu ustaarabu?

Ila sarafu huzikuti pale kijijini, utakuta kichaka na mabaki kidogo ya kuta na kaburi, na mtu wa kukuonesha lazima uwe naye la si hivo unazunguka kwenye mikoko. Kwa macho Unguja Ukuu inaishinda Mtambwe maana angalau vigae unaviona. Kwa kisa, Mtambwe inaishinda. Kama mwalimu ni msimuliaji mzuri mpelekeni Mtambwe, kama ni wa kusoma notsi tu basi Unguja Ukuu, ufuo utasomesha wenyewe.

Tumbatu na Ras Mkumbuu ni za wenye miguu na subira. Tumbatu unapanda chombo Mkokotoni, magofu yapo Makutani upande wa Jongowe, msikiti na nyumba za mawe za karne ya 13 na 14, na Yaqut, yule mwanajiografia aliyefariki 1229, kaandika kwamba watu wa Unguja walihamia Tumbatu na kwamba ni Waislamu. Watumbatu wenyewe bado wapo na wanajua wao ni nani, usiende ukajifanya unawafundisha. Ras Mkumbuu ipo kwenye rasi ndefu magharibi ya Chake, msikiti mkubwa umeangukaanguka na makaburi ya minara katikati ya majani, na bahari pande zote mbili. Wasomi wengi wanaamini kwamba Qanbalu, kisiwa alichokitaja al-Mas'udi, msafiri wa Kiarabu aliyepita bahari hizi mwaka 916, ni Pemba, na wengine wanaitaja Ras Mkumbuu khasa. Huyu bwana kaandika kakuta Waislamu wanaosema lugha ya Zanji, yaani ya watu weusi wa mwambao huu. Nirejee, mwaka 916, Waislamu, wanasema Kizanji. Miaka karibu 200 kabla ya kibla cha Kizimkazi. Hapo Wapemba kwenye grupu wakipiga vigelegele sitowalaumu.

Kwa uzuri wa pahala Ras Mkumbuu sina mfano wake. Kwa watoto 40, hapana. Kwa boti unashushwa majini magoti yamerowa, kwa miguu ni mwendo mrefu wa jua, mamangu mzazi kaenda mara moja na akaapa kwamba harudi mpaka wajenge njia. Tumbatu ni nafuu zaidi kidogo kwa usafiri.

Dunga nitaitaja kwa sababu kuna mzazi kaniandikia faragha kuniuliza. Ni kasri ya Mwinyi Mkuu, mtawala wa Wahadimu, wenyeji wa Unguja. Jengo lenyewe si la kale, ni la katikati ya karne ya 19, lakin cheo ni cha kale, na zile ngoma na siwa, yaani baragumu, alizokuwa nazo ndo alama ya utawala wa huku kabla ya bendera ya mtu yoyote. Unguja ilikuwa na Mwinyi Mkuu, Tumbatu ina sheha wake, Pemba ina madiwani. Mwinyi Mkuu wa mwisho kafariki 1873. Na hilo neno sheha si ndo huyu huyu tunayemfata leo atuandikie barua ya utambulisho? Watoto wakiambiwa hilo tu watafungua macho. Dunga ipo katikati ya kisiwa, mnaweza mkaipitia kidogo tu.

Chwaka ya Pemba, kule Tumbe, watu wanakwenda kwa ajili ya msikiti na kaburi la Haruni, wanasema ni mtoto wa Mkama Ndume. Mie nilipenda kitu chengine. Pembeni yake pamechimbwa kijiji cha zamani zaidi, karne ya 7 mpaka ya 10, nyumba za fito na udongo, watu wanalima wanavua wanatengeneza shanga za kombe, na baadae Chwaka wakawa walaji wa mpunga khasa. Sisi tukisema historia tunatafuta kuta za mawe, na walio wengi walikaa nyumba za udongo ambazo zimerudi kuwa udongo. Bibi yangu wa Chake nyumba yake ya fito nayo leo huwezi kujua ilikuwa wapi, umebaki mwembe tu.

Haya, sasa uchaguzi. Kama ni siku moja na watoto na bajeti ndogo, hakuna mjadala, Unguja. Lakin msende Kizimkazi peke yake mkarudi, anzeni Dunga asubuhi kwa nusu saa, kisha Unguja Ukuu maji yakiwa yamekupwa, mmalizie Kizimkazi baada ya sala ya adhuhuri. Msiahidi pomboo.

Kama mnaweza siku tatu, Pemba, na wala msifikirie mara mbili. Boti mpaka Mkoani, kulala Chake, siku ya kwanza jioni makumbusho ya kwenye ngome ya Chake wapate picha ya jumla, siku ya pili Pujini asubuhi na Chwaka Tumbe mchana, siku ya tatu mnarudi. Ras Mkumbuu na Mtambwe waachieni wakubwa. Na vidonge vya kuzuia kutapika kwenye boti chukueni, mkondo wa katikati hauna adabu, mwaka juzi tulikwenda na familia boti ikachelewa kutoka masaa matatu jua linatupiga gatini na tulipotoka tukapata na mawimbi, shemeji yangu hakuona historia yoyote siku ile zaidi ya mfuko wa plastiki.

Kama una wazee, Kizimkazi tu, gari inafika mpaka mlangoni. Kama una mgeni kutoka Dar anayejiona anajua kila kitu mpeleke Ras Mkumbuu.

Mie nimepigia kura Pemba. Mpaka naandika hapa Kizimkazi ina kura 19, Pemba 14, mwalimu kakaa kimya, na kuna mzazi mmoja anauliza vyovyote itakavokuwa biriani atapika nani.